Jina Chini ya Chombo cha Fedha

Farasi amekalia miguu ya nyuma, kichwa juu, utepe shingoni, na mdomoni ameng'ata kikombe cha mvinyo. Mwili wake wote ni rangi ya dhahabu. Ukuta wa chombo alimochorwa ni fedha tupu, hauna ua wala jani, kwa hiyo jicho halina pengine pa kwenda. Chombo chenyewe hakifiki urefu wa shubiri moja. Kimefuliwa kwa umbo la kiriba, ule mfuko wa ngozi ambao wafugaji wa nyika za kaskazini walikuwa wakiufunga kwenye tandiko la farasi. Kimewekwa katika Makumbusho ya Historia ya Shaanxi, mjini Xi'an, nacho ni miongoni mwa kazi maarufu zaidi za fedha iliyotiwa dhahabu zilizosalia tangu enzi ya Tang, iliyotawala China kuanzia mwaka 618 hadi 907.

Nilikuwa Xi'an kwa mwaliko wa mpwa wangu, kijana wa Tanga anayesomea udaktari huko. Alinipitisha katikati ya kundi la wanafunzi wa shule ya msingi waliovaa skafu nyekundu, akanisimamisha mbele ya kioo.

"Mjomba," alisema, "huyu farasi alikuwa akicheza ngoma kwelikweli."

Kisa chake kiliandikwa na watu wa enzi hiyohiyo. Mfalme Xuanzong alikuwa na farasi waliofunzwa kucheza kwa mapigo ya muziki. Siku yake ya kuzaliwa ilifanywa sikukuu ya nchi mwaka 729, na kila ilipofika, farasi hao walivishwa nguo za tarizi, wakacheza mbele ya wageni, kisha wakapiga magoti na kikombe mdomoni kumtakia mfalme umri mrefu. Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi, mji mkuu ukaanguka, farasi wakatawanyika. Baadhi yao waliangukia mikononi mwa jemadari mwingine, Tian Chengsi, ambaye wachungaji wake hawakujua lolote kuhusu mafunzo yale. Siku moja muziki ulipigwa kambini na farasi wakaanza kucheza. Wachungaji walidhani wamepandwa na mashetani, wakawachapa. Farasi nao walidhani wanapigwa kwa kukosea hatua, wakazidi kucheza kwa bidii mpaka wakafa.

Niliwatazama wale watoto wakichora farasi kwenye madaftari yao huku mwalimu akisahihisha pembe ya shingo. Karibu miaka 1,300 imepita, na mnyama huyo bado anafundisha watoto kutumia penseli.

Ukumbi huo unaeleza pia jinsi chombo kilivyopatikana. Oktoba 1970, vibarua waliokuwa wakichimba msingi wa jengo katika kijiji cha Hejia, kusini mwa Xi'an, walikuta mtungi mkubwa wa udongo. Baadaye ukatoka wa pili, pamoja na mtungi mdogo wa fedha. Ndani ya mitungi hiyo mlikuwa na vitu zaidi ya 1,000, zikiwemo bakuli za dhahabu zenye petali za yungiyungi zilizopangwa safu juu ya safu, na ndani ya kila petali mnyama au ndege wake. Mlikuwa na pembe ya kunywea iliyochongwa kwa akiki, yenye kichwa cha mnyama kilichofungwa mdomo kwa dhahabu. Kulikuwa na sarafu ya dhahabu ya mfalme Heraclius wa Bizanti, ya fedha ya Khosrow wa Pili wa Uajemi, na sarafu za fedha kutoka Japani. Mtungi mmoja wa fedha wenye mpini, uliochorwa kasuku wa dhahabu akiruka kati ya matawi ya maua, una maandishi ya wino ndani ya kifuniko yanayotaja mawe ya dawa yaliyohifadhiwa humo na uzito wake. Matajiri wa Tang waliyameza mawe hayo wakitafuta maisha marefu.

Aliyezika mali hiyo hakurudi kuichukua. Wapo wanaosema ilifukiwa wakati wa maasi ya An Lushan. Mwanaakiolojia Qi Dongfang ametetea rai ya mwaka 783, wakati askari waliochoshwa na chakula kibaya na ahadi hewa walipogeuka na kuuvamia mji, na mfalme mwingine akakimbia.

Kilichonikaa rohoni zaidi katika ukumbi ule si dhahabu. Ni visahani vizito vya fedha visivyo na nakshi hata moja, vilivyopangwa pembeni ambapo wageni hawasimami. Vilikuwa kodi. Wilaya za kusini kabisa mwa China, mamia kwa mamia ya kilomita kutoka ikulu, zilikusanya kodi kwa wananchi, zikaiyeyusha iwe fedha na kuituma mji mkuu. Baadhi vimechongwa mwaka, na mpwa wangu alinisomea: mmoja ni sawa na 722, mwingine 731. Vimechongwa pia jina la wilaya, uzito, ofisa aliyehusika, karani, na mwishoni mhunzi aliyeyeyusha. Kutoka hapo hadi kwa farasi ni hatua chache tu. Nilizitembea polepole, kwa sababu fedha inayomeremeta mwilini mwa vyombo vile ilianza safari yake katika nyumba za watu waliolipa kodi, ambao hawakuwahi kumwona farasi akicheza.

Ufundi wenyewe unahitaji subira kubwa. Bamba la fedha hufuliwa kwa nyundo mpaka lipate umbo, na kwa kuwa fedha hukakamaa ikipigwa, hurudishwa motoni kila mara ili ilainike. Kisha hulazwa juu ya lami, au chombo hujazwa lami ndani, kisibonyee ovyo. Fundi huchora kwa kugonga tindo butu. Hakati fedha, anaisukuma tu. Nafasi inayobaki baina ya michoro huijaza viduara vidogo mno, kimoja kimoja, kila kimoja pigo moja la nyundo, na Wachina hufananisha uwanja huo na mayai ya samaki. Ukiinama karibu na kioo unaona safu hizo zikizunguka ubavu wa bakuli bila kugongana, maelfu yake, na mkono haukutetemeka.

Ndipo zamu ya dhahabu hufika. Vipande vyembamba hutumbukizwa katika zebaki ya moto, navyo huyeyuka humo vikawa uji mzito wenye rangi ya fedha. Fundi huupaka juu ya mchoro peke yake, juu ya farasi, kasuku au ua, kisha hukishika chombo juu ya makaa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka kama moshi. Dhahabu husalia imeshikana na fedha, na jiwe la akiki huisugua mpaka ing'ae.

Moshi ule naujua. Niliwahi kufanya kazi Kanda ya Ziwa, na katika mialo ya wachimbaji wadogo wa Geita nimewaona akina mama wameinama juu ya makarai wakikoroga mchanga uliotoka kwenye karasha, zebaki ikiwa viganjani mwao. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, na kitonge kinachobaki huchomwa juu ya makaa, mara nyingine nyuma ya nyumba, watoto wakiwa karibu. Fundi wa Tang alikuwa akiipandisha dhahabu juu ya fedha, na mama wa Geita anaitoa kwenye mchanga, lakini zebaki inayoondoka ni ileile na pumzi inayoipokea ni ya mwenye kazi. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Huingia mapafuni, ukaishia kwenye ubongo na mishipa ya fahamu. Mikono huanza kutetemeka na kumbukumbu hupungua. Tangu nilipolifikiria hilo, sikuweza tena kutazama ua la dhahabu juu ya bakuli bila kumwona mtu aliyeinama juu ya jiko la makaa, uso karibu na moto, akingoja rangi ya fedha igeuke manjano. Nikataka kujua kama kuna mahali jina lake limeandikwa.

Mchana tulikwenda kula katika mtaa wa Waislamu, nyuma ya Mnara wa Ngoma. Mpwa wangu ni mwenyeji pale. Alitoa salamu kwa Kiarabu, zikajibiwa kutoka meza tatu kwa pamoja. Chakula tulichoagiza huanza na kazi: unapewa bakuli tupu na mkate mgumu, nawe unaumega kwa vidole vipande vidogo. Ukimaliza, bakuli hurudi jikoni na kuletwa limejaa mchuzi wa kondoo, nyama na tambi nyembamba, na pembeni vitunguu saumu vilivyolowekwa kwenye siki. Mzee mwenye kofia nyeupe aliyekaa mbele yangu alichungulia bakuli langu, akaona vipande ni vikubwa, akaanza kunionyesha: vidogo, vidogo zaidi, mpaka vikaribie punje ya choroko. Alieleza kupitia kwa mpwa wangu kwamba mpishi hutazama mikate iliyomegwa na kumjua mlaji kabla ya kumwona, na mwenye haraka hawezi kupata ladha. Tukakaa tukimega na kuzungumza. Aliuliza kama kwetu misikiti ipo mingi, na kama kondoo wetu wana mikia ya mafuta. Nilipomwambia kwamba pwani yetu Uislamu ulifika kwa majahazi, alitikisa kichwa kwa furaha na kusema kwao ulifika kwa ngamia na kwa majahazi pia.

Msikiti Mkuu wa mtaa huo unahesabiwa kwa mapokeo kuwa ulianzishwa mwaka 742, zama za mfalme wa farasi wachezaji, ingawa majengo mengi yanayoonekana leo ni ya enzi ya Ming. Paa zake zimepinda pembeni, mnara wake ni wa mbao na una ghorofa kama hekalu, na aya za Kurani zimeandikwa kwa mapigo ya brashi ya Kichina. Nilikaa uani chini ya miti nikiwaza vikombe nilivyoviona asubuhi. Kuna kimoja chenye pembe nane na mpini wa duara. Kila upande amesimama mpiga muziki, na juu ya mpini, mahali pa kuweka kidole gumba, pana vichwa vya wanaume wenye ndevu na pua ndefu. Umbo hilo lilitoka kwa Wasogdi, wafanyabiashara wa Samarkand na Bukhara waliojaa katika soko la magharibi la Chang'an, kama Xi'an ilivyoitwa wakati huo. Kabla yao Wachina hawakuwa na desturi kubwa ya kufua vyombo vya fedha. Heshima yao ilikuwa shaba nyeusi, jade na vyombo vya rangi ya laka. Walijifunza kwa wageni, wakaiga mpaka na ndevu. Vizazi vichache baadaye vipini vikatoweka, pembe zikalainika kuwa petali, na mahali pa wapiga muziki wa kigeni wakaja bata wawili-wawili, maua ya peoni na kasuku. Kufikia karne ya 9 ufundi huo ulikuwa wa Kichina kabisa. Mgeni alifundisha, mwenyeji akapokea na kuongeza lake, na kila mmoja alitoka na kitu bora kuliko alichoanza nacho. Sisi wa pwani tunalijua jambo hilo ndani ya milango yetu ya nakshi na ndani ya vyungu vyetu vya pilau.

Jioni mji hubadilika. Kuzunguka Pagoda Kubwa ya Bata Bukini, wasichana kwa mamia hutembea wamevaa magauni ya mitindo ya Tang, mikono mipana, nywele zimeinuliwa na kuchomekwa maua. Wengi wameyakodi kwa saa chache ili wapigwe picha. Mwanzoni nilidhani ni mchezo wa watalii, mpaka nilipozungumza na mmoja wao, mwanafunzi wa chuo aliyekuja na mama yake kutoka jimbo jingine. Alikuwa ameshona gauni lake mwenyewe akifuata picha za ukutani za makaburi ya kale. Kiunoni alining'iniza mpira mdogo wa chuma uliotobolewa maua na ndege, nakala ya chetezo cha fedha kilichotoka katika mitungi ya Hejia. Aliufungua anionyeshe. Ndani mna pete mbili, moja ndani ya nyingine, na katikati kibakuli cha ubani. Aliugeuza mpira juu chini, akauzungusha kwa kasi, na kibakuli kikabaki kimetazama juu, bila kumwaga kitu. Ni mpango uleule wa pete unaoiweka dira ya baharia sawa chombo kinapoyumba. Mabibi wa Chang'an walitia makaa na manukato humo, wakaficha ndani ya nguo, wakapanda farasi.

Mama yake alisema ujanani mwake hakuna mtu ambaye angetoka nyumbani na mavazi hayo. Binti alicheka, akamrekebisha mama ua la nywele. Nilipendezwa na jinsi alivyoyapata: alirudi kwenye kazi za mafundi, akazisoma kwa macho, akashika sindano.

Njia ya kwenda magharibi, tuliyoishika tukielekea Hekalu la Famen, inafuata bonde la mto Wei. Ilikuwa majira ya mavuno. Mahindi yalikuwa yamefungwa mafungu na kutundikwa chini ya paa za nyumba, manjano tupu, na mitini matunda ya mipersimoni yalibaki mekundu baada ya majani kuanguka. Nilimwambia mpwa wangu kwamba nikifumba jicho moja naona Iringa. Lakini watu wa Tang hawakuyajua mahindi, wala babu zetu wa zama hizo; yalivuka kutoka Amerika baada ya mwaka 1492, yakafika kwao na kwetu, na sasa kila mmoja huyaona ni ya kwake tangu asili.

Mawei iko njiani. Hapo ndipo mwaka 756, mfalme Xuanzong akikimbia waasi, askari wake waligoma kuendelea mpaka mke wake kipenzi, Yang Guifei, auawe. Alinyongwa, akazikwa haraka. Baadaye mfalme alipotuma watu wahamishe mwili kwa siri, historia ya Tang inasema mwili ulikuwa umeharibika ila chetezo chake cha manukato kilikuwepo. Kwa karne nyingi wasomaji walijiuliza mfuko wa kitambaa ungewezaje kudumu ardhini. Mpira wa fedha kama ule wa Hejia unaweza. Kaburi lake leo limefunikwa matofali, kwa kuwa, husimuliwa, wanawake walikuwa wakichota udongo wake na kujipaka usoni wapate uzuri wake. Siku hiyo palikuwa na mama mmoja tu akiuza matofaa langoni.

Hekalu la Famen, katika wilaya ya Fufeng, lilijengwa juu ya mfupa unaoaminiwa kuwa wa kidole cha Buddha. Wafalme wa Tang walikuwa na desturi ya kuutoa na kuupeleka mji mkuu kwa maandamano. Mwaka 819 mwandishi Han Yu alimwandikia mfalme kupinga gharama na upofu wa jambo hilo, akahamishiwa Chaozhou, kusini ya mbali. Mwaka 845 mfalme mwingine, Wuzong, aliamuru mahekalu yafungwe nchi nzima. Zaidi ya 4,600 yalibomolewa, na shaba ya sanamu ikayeyushwa kuwa sarafu, chuma kuwa majembe. Fedha na dhahabu zilikwenda hazina. Ndivyo ilivyo kawaida ya fedha: shida ikija, kazi ya mwaka mzima hurudi kuwa uzito katika muda wa kuchemsha maji. Vyombo vichache tunavyovitazama leo vilipona kwa sababu vilifichwa ardhini na wenyewe wasirudi.

Mwaka 873 mfalme Yizong aliutoa mfupa kwa mara ya mwisho, akafa mwaka huohuo. Mwanawe Xizong, mtoto wa miaka kama 12, aliurudisha mwaka 874, na chumba cha chini kikafungwa. Hakuna aliyekifungua tena mpaka nusu ya mnara ilipoporomoka kwa mvua mwaka 1981, na mafundi waliokuja kuujenga upya wakakigusa mwaka 1987. Walikuta vyombo 121 vya dhahabu na fedha, hariri, kauri za kijani za ikulu, na bilauri za kioo kutoka nchi za Kiislamu. Walikuta pia bamba la jiwe lililoorodhesha kila kitu, nani alikitoa na kina uzito gani.

Kati ya hivyo vyote mimi nilikwama kwenye vyombo vya chai. Watu wa Tang walioka chai ikiwa vipande vikavu, wakaisaga, wakaichekecha na kuichemsha na chumvi. Kwa kila hatua kuna chombo. Kipo kikapu cha fedha kilichotobolewa, chenye bata bukini wa dhahabu wanaoruka. Kipo kinu chenye umbo la mtumbwi na gurudumu lake, kilichochorwa farasi wenye mbawa kati ya mawingu. Chekeche ni sanduku dogo lenye droo, wahenga wakipaa juu ya korongo pande zake, na kopo la chai ni kobe mzima aliyeinua shingo. Lu Yu, aliyeandika kitabu maarufu cha chai katika karne ya 8, alikiri kwamba fedha ni safi kuliko vyote kwa kuchemshia maji, ila akaona ni anasa. Ikulu ilichagua anasa.

Pembeni ya kinu pana picha iliyokuzwa ya kitako chake. Mpwa wangu alisoma akifuata kwa kidole: kilitengenezwa mwaka wa kumi wa enzi ya Xiantong, yaani 869, katika karakana ya ikulu iitwayo Wensiyuan, kinu cha fedha chenye maua ya dhahabu, uzito liang 29, halafu fundi wa ukoo wa Shao, halafu maofisa watatu, kila mmoja na cheo chake. Kwenye baadhi ya vyombo mkono mwingine, usio wa fundi, umekwaruza maneno mawili: Wuge. Lilikuwa jina la nyumbani la Xizong, mtoto wa tano. Vyombo hivyo vilikuwa vyake angali mwana wa mfalme, akavitoa kwa hekalu alipopata kiti cha enzi.

Basi pale chini, mahali ambapo mnywaji hafiki, walikuwa wamekutana mfalme mtoto na mtu aliyekaa juu ya makaa. Desturi ya China ya kale ilimtaka fundi aandike jina lake ili kazi ikipungua uzito au ubora ajulikane wa kuadhibiwa. Nililijua hilo, lakini furaha yangu haikupungua. Wale maofisa watatu walilinda vyeo vyao. Fundi wa ukoo wa Shao alilinda mstari wa mbawa za farasi, na ndiye tunayemshukuru. Muda mfupi baada ya chumba kufungwa, ukame na kodi viliwaamsha wakulima. Mapema mwaka 881 jeshi la kiongozi wao, Huang Chao, lilikuwa limeshika Chang'an na Xizong amekimbia. Mwaka 907 enzi nzima ilikwisha. Kinu kilibaki gizani na jina lake chini.

Nje ya hekalu, bibi mmoja anayeuza ubani alitukaribisha viti vya chini, akatumiminia chai kutoka kwenye chupa ya kioo, majani yakielea, bila chumvi wala sukari. Nilimweleza chai yetu ya maziwa na tangawizi, akafikiri kidogo, akasema hiyo ni dawa ya mafua. Mpwa wangu alimwambia kwamba kinu cha mtumbwi kama kile bado kipo kwenye maduka ya dawa za asili, cha chuma, na akasema amewahi kukiona kikitumika. Bibi alijibu kwamba baba yake alikuwa nacho. Umbo la fedha limezikwa na wafalme. La chuma limeendelea kufanya kazi.

Nikirudi nyumbani nilipitia Singapore, kwa sababu ya meli. Katika Makumbusho ya Ustaarabu wa Asia imo shehena ya jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kugunduliwa mwaka 1998. Bakuli moja lina tarehe ya mwaka 826. Jahazi lilikuwa likitoka China na vyombo vya kauri kama 60,000, na pamoja navyo kikombe cha dhahabu cha pembe nane, wapiga muziki pande zote, ndugu wa kile cha Xi'an, na vyombo vya fedha vyenye bata wa dhahabu. Mbao zake zilishonwa kwa kamba, bila misumari, kama mitepe yetu ya Lamu ilivyoshonwa, na uchunguzi wa mbao ulitambua miti ya jamii ya mbambakofi kutoka Afrika. Vigae vya kauri za zama hizo vimechimbuliwa Manda na Unguja Ukuu. Kwa hiyo katika safari ya vyombo hivi mikono yetu ilikuwepo pia: mikono iliyokata mti, na iliyopokea bakuli ufukweni.

Nilipotua, jambo hili lilikuwa limekwisha kuwa wazi kwangu, nami nalisema kwa msisitizo. Pwani yetu ilikuwa na wafua fedha hodari. Bibi zetu walivaa mafurungu na kekee, nyumba za heshima zilikuwa na mirashi ya kunyunyizia wageni marashi na vyetezo vya fedha. Katika duka la sonara, Mji Mkongwe wa Unguja, nimeshuhudia furungu la kizamani likitiwa kwenye mizani, likipewa bei ya gramu, na kuwekwa kando lingoje kalibu. Halikuulizwa lilitoka mkononi mwa nani. Yaliyoipata fedha ya Tang yanaipata yetu mbele ya macho, na hatuna sababu ya kungoja mtungi wa udongo utuokolee vichache.

Mwenye furungu la bibi yake na aulize sasa, wazee wangali hai: nani alilifua, katika mtaa gani, alijifunza kwa nani. Jibu liandikwe na likae pamoja na chombo. Makumbusho yetu yaweke majina hayo kwenye vibao, juu ya jina la aliyevaa. Na dhahabu ya Geita inapopimwa, tumhesabu pia aliyevuta moshi wake, tumpatie njia ya kuchenjua isiyomuua. Fundi wa ukoo wa Shao alipata jina lake chini ya kinu kwa amri ya ofisi iliyotaka mtu wa kulaumiwa. Mafundi wetu wanastahili kulipata kwa heshima.